SAKAFU YA KUANIKIA ILIYOPASUKA: KUZIBA AU KUVUNJA?

Ndugu Wanachama,

Msimu haujafika, na wakati huu ndio wa kuzitazama sakafu zetu. Wachumaji wakishapanda mikarafuuni hapana tena nafasi ya kuita fundi, na saruji iliyomwagwa juzi haiwezi kupokea karafuu leo.

Wako wasemao kuwa ufa ni ufa tu, karafuu hukauka vivyo hivyo. Sivyo. Karafuu mbichi ziingiazo ufani hazipati jua; huvunda, kisha ufagio wa jioni huzitoa na kuzichanganya na nzuri. Na penye bonde maji ya mvua hutuama, jamvi likayanywa kwa chini huku mwenyewe aona juu pakavu. Mwaka mmoja nilipeleka kituoni magunia niliyoyaamini. Mpimaji akatia mkono ndani, akatoa konzi ya karafuu zilizosinyaa, nyeupe nyeupe. Zote zikashushwa daraja. Kilo 1 kavu hutaka karibu kilo 3 mbichi. Basi mwaweza kukisia ni kazi ya siku ngapi iliyopotea pale.

Tujue ugonjwa kabla ya dawa. Mwageni ndoo chache za maji, ngojeni kidogo, na kila dimbwi lizungushieni alama ya makaa. Kisha gongeni kwa nyundo ndogo: panapolia kama mtungi mtupu, chini yake pana uwazi. Mwisho simameni juu ya ufa, mguu huku na mguu huku. Upande mmoja ukicheza, au ukiwa juu kuliko wa pili, maradhi yako ardhini: maji yamechukua udongo wa chini, au mzizi wa mwembe umeinua. Ufa wa namna hiyo hauzibiki, hata mkitia mfuko mzima.

Ufa uliotulia wazibika. Fundi aupanue kwa tindo, upana inchi 1 na kina inchi 1 hivi, na chini pawe papana kuliko juu ili kiraka kisichomoke. Vumbi litolewe lote. Ulowanishwe bila ya kuachwa maji ndani, upakwe uji mzito wa saruji, na uji haujakauka ujazwe saruji 1 kwa mchanga 3, ushindiliwe.

Mabonde ndiyo yaliyonitia hasara ya pili. Fundi alinipakia lipu nyembamba juu ya sakafu kuukuu, nami nikafurahi kwa sababu ilikuwa rahisi. Msimu mmoja tu ikabanduka magamba kama ya samaki, na magamba yakaingia katika karafuu. Sakafu laini haishiki kitu. Lazima ichongwe iwe na meno, ioshwe, ipakwe uji wa saruji, na tabaka jipya lisipungue inchi 1½.

Penye kutikisika, vunjeni, lakini si lazima sakafu nzima. Kateni mzizi, shindilieni udongo na mawe mpaka mguu usiache alama, kisha mimineni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, unene inchi 4. Gawanyeni mapande ya futi 10 kwa 10, baina yake pawe na nafasi. Sakafu pana isiyogawanywa hujichagulia yenyewe pa kupasukia. Pande moja kama hilo hula saruji mifuko 6 hivi. Inamisheni inchi 1 kwa kila futi 5 ili maji yakimbie. Mchanga wa pwani msiukubali, hata ukiletwa bure: una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Wala fundi asizidishe maji ili koroga iwe laini ya kumwagika, kwani hapo ndipo nyufa nyingi zinapozaliwa.

Kazi ianze asubuhi mapema au alasiri. Ikishakuwa ngumu ifunikwe magunia, yamwagiwe maji kwa siku 7 yasikauke. Hapa ndipo wengi wetu tunapochoka siku ya pili. Karafuu zingoje wiki 4.

Pima maji na ubao ulionyooka wa Chama viko kwangu. Ni kimoja kimoja, basi anayevitaka aje mapema, na avirudishe vimeoshwa.

Katibu