Samaki wa Kuchoma Nyumbani: Mwanzo Mwema kwa Asiyezoea

Ni jambo la kushangaza kwamba sisi watu wa pwani, tuliolelewa na harufu ya bahari, wengi wetu hununua samaki wa kuchoma barabarani jioni, ilhali seredani i hapo nyumbani. Ukiuliza sababu, jibu huwa karibu ni lile lile: samaki hushika wavu, akageuzwa akakatika, nje akaungua na ndani akabaki mbichi. Hofu hiyo ina dawa. Mwenye kuweza kukaanga samaki aweza pia kumchoma, maadamu ajue mambo matatu: samaki gani, moto gani, na mahali gani. La tatu ndilo lisahauliwalo mno, nalo ndilo lenye hatari ya roho.

Kumchagua samaki

Kwa anayeanza, twapendekeza changu mzima wa nusu kilo hadi robo tatu. Nyama yake imeshikamana, haivunjiki upesi, na ngozi yake huilinda na ukali wa moto. Kolekole mdogo naye hufaa. Nguru akatwe vipande vya unene wa vidole viwili. Kipande chembamba hukauka kabla hakijapata rangi. Tafi ni mtamu sana, lakini miiba yake ina sumu inayouma vikali. Asishikwe kwa pupa: ikatwe miiba kwanza kwa mkasi. Aliyechomwa atie mkono katika maji ya moto kwa kadiri awezavyo kustahimili bila kujiunguza, na maumivu hupungua.

Samaki mbichi mwema hujulikana kwa macho maangavu yaliyojaa, matamvua mekundu, na nyama ambayo ukiibonyeza kwa kidole hurudi mahali pake. Harufu yake ni ya bahari, si ya uvundo. Tahadhari zaidi yahitajika kwa jodari, nguru na vibua. Samaki hawa wakiachwa juani au bila barafu, hujenga ndani ya nyama kitu kinachomfanya mlaji awashwe, uso umwive wekundu, kichwa kigonge na tumbo livurugike. Sumu hiyo haiondoki kwa moto, wala kwa ndimu, wala kwa pilipili. Kwa hiyo nendeni sokoni mapema, mchukue chombo chenye barafu, na mkifika nyumbani samaki aingie kwenye friji kabla ya mazungumzo. Wakati wa kusi bahari huchafuka, samaki wakaadimika na bei ikapanda. Hapo ndipo muuzaji hushawishika kuuza aliyelala. Ni heri kula maharagwe siku hiyo.

Kumtengeneza

Samaki aparwe magamba, atumbuliwe, atolewe matamvua na aoshwe. Kisha akaushwe vyema kwa kitambaa safi. Hatua hii wengi huiruka, na hapo ndipo samaki huanza kugandamana na wavu, kwa kuwa maji yaliyo juu ya ngozi huigeuza ikawa kama gundi. Mchanje kila ubavu mara tatu, chale zifike karibu na mfupa, ili viungo viingie na moto umfikie sawasawa.

Pondeni pamoja kitunguu thomu, tangawizi, pilipili mbichi na chumvi, mtie bizari ya manjano kidogo na kijiko cha mafuta, kisha mmpake nje, ndani ya tumbo na katika zile chale. Ndimu itiwe nusu saa tu kabla ya kuchoma. Ikikaa muda mrefu hukaza nyama na kuifanya kavu.

Moto

Makaa yawashwe mapema, yaachwe mpaka ndimi za moto zife na majivu meupe yatande juu. Mwenye haraka ya kuchoma juu ya ndimi hupata samaki mweusi asiyeiva. Yasiwashwe kwa plastiki, kwa kuwa moshi wake ni sumu na huingia chakulani. Sogezeni makaa mengi upande mmoja na machache upande wa pili, ili samaki akizidiwa na moto apate pa kukimbilia.

Wavu upate moto kwanza, usuguliwe, kisha upakwe mafuta. Mlazeni samaki, halafu mumwache. Asisukumwe wala asichokolewe. Baada ya dakika nane hadi kumi ngozi yake itajiachia yenyewe. Akiwa bado ameshika, hajawa tayari kugeuzwa. Hugeuzwa mara moja tu. Ameiva pale nyama iliyo karibu na mfupa inapokuwa nyeupe, haina ung'avu wa kioo, na huachana na mfupa kwa urahisi.

Anayetaka samaki wa kupaka achemshe kikombe cha tui zito kwa moto mdogo pamoja na ukwaju, bizari, thomu na chumvi, akikoroga bila kuacha hadi lizito, lisikatike. Tui hupakwa samaki anapokaribia kuiva. Likipakwa mapema huungua na kuwa chungu.

Mahali

Familia nyingi siku hizi zaishi katika nyumba za ghorofa, zisizo na ua. Twasema wazi: seredani ya makaa isiwashwe ndani ya chumba wala jiko lililofungwa. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu bado huitoa. Chomeni uani, au juu ya dari palipo wazi. Mkimaliza, msiiingize seredani ndani ili ipashe joto usiku wa mvua. Yamwagieni makaa maji hadi yazime kabisa. Mtu akipatwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na moto, atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali. Asiye na mahali pa wazi atumie oveni yenye moto wa juu. Ladha ya moshi hukosekana, lakini samaki huiva vizuri kwa utaratibu ule ule.

Watoto wakae mbali na seredani, na akae mtu mzima mmoja asiyeiacha. Wakati wa kula, nyama ya mtoto mdogo ichambuliwe kwa vidole, kwani miba huonekana kwa vidole kuliko kwa macho. Anzeni na samaki wawili tu, siku isiyo na wageni. Jaribio la tatu litawapa ujasiri wa kuwaalika jirani.