Kichaa cha Mbwa Hupita Njia Gani?

Pengine umewahi kusikia kwamba kichaa cha mbwa huletwa na jua kali au njaa. Sivyo. Ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Anapouma, mate huingia katika jeraha, kisha virusi husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Safari hiyo huchukua majuma kadhaa, pengine miezi. Kwa hiyo mbwa aliyeumwa leo huweza kuonekana mzima na kulinda nyumba kama kawaida, huku ugonjwa ukiwa njiani.

Virusi vikifika ubongoni, mbwa mpole huwa mkali. Huuma hata vijiti, hutokwa na mate mengi, huzurura mbali na kwao. Mwingine hujificha kimya gizani, taya limelegea. Huyu naye ni wa hatari. Mbuzi, ng'ombe na paka huugua pia wakiumwa. Lakini mbuzi si mnyama wa kuuma wenzake, hivyo kwa kawaida ugonjwa huishia kwake. Mbwa ndiye aupelekaye mbele.

Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, tangu mwaka 2011 hadi 2019, wataalamu walifuatilia wanyama walioshukiwa kuwa na kichaa. Waliuliza: Nani ameumwa? Na mnyama gani? Alitoka wapi? Wengi walikuwa mbwa, lakini zaidi ya theluthi moja walikuwa bweha. Fikiri juu ya shamba la mihogo karibu na Mitwero, lenye vichaka kandokando. Bweha mwenye kichaa hupoteza woga, huingia uani mchana. Mbwa humkabili, naye huumwa.

Je, kuna faida gani kuchanja mbwa ikiwa bweha wako porini? Iko kubwa. Bweha akimwuma mbwa aliyechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, njia nyingi hufungwa. Kisiwani Pemba chanjo iliutokomeza ugonjwa mwaka 2014. Uchanjaji ulipolegea, ukarudi mwaka 2016, na mbwa walipochanjwa tena ukatoweka mwaka 2018. Watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka bila kinga, ndiyo sababu kazi hii hairudiwi mara moja tu.

Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake dawa ya kubahatisha. Mwambie mtu mzima, mwende siku hiyo hiyo kituo cha afya upate sindano za chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba ya kumponya.

Zoezi
1. Kijiji kina mbwa 40. Wangapi wachanjwe ili wawe saba katika kila kumi?
2. Kwa nini mbwa aliyeumwa jana hawezi kutambuliwa kwa kumtazama tu?
3. Mwulize jirani mwenye mbwa: mbwa wake alichanjwa lini? Andika jibu katika daftari lako.