Joto la Ziwa na Pumzi ya Samaki

Katika Bahari ya Bering, iliyo kati ya Alaska na Urusi, barafu ya majira ya baridi ilipungua mno mwaka 2018 na 2019. Kwa kawaida barafu hiyo huacha karibu na sakafu ya bahari tabaka la maji baridi sana, ambalo ndilo makao ya kaa wachanga wa theluji. Tabaka hilo lilipokaribia kutoweka, miili ya kaa ilidai chakula kingi zaidi kwa sababu ya joto, nacho chakula hakikutosha. Kaa zaidi ya bilioni 10 walitoweka, na mnamo Oktoba 2022 uvuvi wao ukafungwa.

Mwanafunzi wa kisiwa cha Bumbire, Wilaya ya Muleba, ana haki ya kuuliza: sisi tusio na barafu, habari hiyo yatuhusu nini? Jibu ni kwamba Ziwa Viktoria nalo lina matabaka ya maji, na uhai wa samaki wake hutegemea jinsi matabaka hayo yanavyotengana na kuchanganyika. Tena, kama tutakavyoona, ongezeko dogo la joto huku kwetu lina nguvu kuliko huko kwenye barafu.

Matabaka ya maji

Ziwa Viktoria lina kina cha mita 80 hivi mahali pa kina kirefu kabisa. Kuanzia Septemba jua hupasha maji ya juu, nayo, yakiwa mepesi, huelea juu ya maji baridi zaidi ya chini. Mtengano huo huwa imara hasa kati ya Januari na Mei. Katika muda huo maji ya chini hayapati hewa mpya, ilhali bakteria huendelea kutumia oksijeni iliyomo wanapoozesha mabaki ya mwani yanayozama.

Kiangazi kinapofika, yaani Juni hadi Agosti, pepo kavu za kusini-mashariki huvukiza maji na kuyapoza. Maji ya juu huwa mazito, huzama, na upepo huyakoroga. Ndipo oksijeni hushuka chini, na virutubisho vilivyolala chini hupanda juu kulisha mwani. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba ziwa huvuta pumzi ndefu mara moja kwa mwaka.

Digrii moja ina uzito gani?

Maji yakipashwa kutoka nyuzi 4 hadi 5 za Sentigredi, kila mita moja ya ujazo hupungua uzito kwa gramu 8 tu. Yakipashwa kutoka nyuzi 24 hadi 25, hupungua kwa gramu 250 hivi. Tofauti hiyo ni kama mara thelathini. Hii ndiyo sababu katika ziwa la Ikweta tofauti ya digrii moja au mbili baina ya juu na chini yatosha kuzuia upepo usiyachanganye maji.

Aidha, maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji baridi ya nyuzi 0 huweza kubeba miligramu 14.6 za oksijeni. Ya nyuzi 25 hubeba miligramu 8.3 tu. Ziwa letu, lililo mita 1,134 juu ya bahari penye hewa nyepesi, hubeba pungufu ya hapo. Wakati huohuo joto huongeza mahitaji ya oksijeni ya samaki na bakteria. Akiba hupungua huku matumizi yakizidi.

Nani hukosa pumzi?

Vipimo vilivyochukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kurudiwa karibu na mwaka 1990 vilionyesha kwamba maji yenye upungufu wa oksijeni yalikuwa yamepanda na kuenea, hata kufikia karibu nusu ya sakafu ya ziwa kwa vipindi virefu. Furu waliokuwa wakiishi kwenye kina walipoteza makao. Sangara, ambaye huhitaji oksijeni nyingi, husukumwa kwenye maji ya juu na ya pembeni, mahali ambapo nyavu humpata kwa urahisi. Dhoruba ikiyainua ghafla maji yasiyo na oksijeni, samaki hufa kwa wingi. Mvuvi akiona hivyo asidhani daima kwamba kuna mtu aliyetia sumu.

Joto si mshtakiwa pekee

Hapana budi tuwe waangalifu. Naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani, mijini na katika moshi wa mioto zimestawisha mwani kupita kiasi, na mwani huo ukioza humaliza oksijeni. Sangara, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950, aliwala furu wengi. Tena maji ya chini nayo yamepata joto, jambo linaloweza kudhoofisha mtengano katika baadhi ya miaka. Kwa sababu hiyo kipimo cha mwaka mmoja hakitoshi kuhukumu. Yahitajika vipimo vya miaka mingi mfululizo. Katika Ziwa Tanganyika, ambako kina ni kirefu mno, watafiti walieleza mwaka 2003 kwamba joto lilikuwa limepunguza mchanganyiko wa maji na hivyo kuunyima mwani virutubisho. Chanzo ni kimoja, lakini ziwa moja hukosa chakula, na jingine hukosa pumzi.

Jaribio la darasani

Chukua bilauri mbili zenye maji baridi hadi nusu. Katika ya kwanza mimina polepole, juu ya kijiko, maji ya vuguvugu yaliyotiwa rangi. Katika ya pili, maji baridi yenye rangi ileile. Puliza juu ya kila bilauri kwa mrija, kwa nguvu sawa. Hesabu sekunde hadi rangi ifike chini. Kisha rudia kwa maji yenye joto zaidi, na uchore grafu.

Shule iliyo ufukweni yaweza pia kupima joto la maji kila juma, saa ileile na mahali palepale, na kulihifadhi daftari hilo. Familia nyingi za Bumbire hupata riziki na kitoweo kutokana na dagaa na sangara. Kupunguza mbolea na uchafu unaoingia ziwani ni jambo lililo katika uwezo wetu hata pale ambapo joto la dunia linatushinda, na daftari la miaka ishirini litatuonyesha kama juhudi hizo zinafaa.