Kulea na Kuuguza Chini ya Paa Moja: Mzigo wa Jamaa za Miti

Lugha ya Kiswahili ina vitenzi kadhaa vya kueleza kazi ya kumwangalia mtu asiyejiweza. Mtoto hulelewa, mzee hutunzwa, mgonjwa huuguzwa. Kitenzi "kuuguza" kinastahili kuangaliwa kwa makini: kimetokana na "kuugua" kwa kauli ya kutendesha, lakini maana yake ya kawaida si kumtia mtu maradhi, bali ni kukaa naye katika maradhi yake. Mgawanyo huo wa maneno waweza kumfanya msomaji adhani kwamba kazi hizo tatu zina watu watatu. Katika nyumba nyingi za Miti, hata hivyo, zote hufanywa na mtu mmoja, kwa siku moja na kwa fedha zile zile. Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo ilivyotokea, na njia ambazo jamaa huzitumia kuikabili.

Miti imo katika teritware ya Kabare, kaskazini ya Bukavu, kwenye barabara iendayo Kavumu, Katana na hatimaye Goma. Hapo ndipo inapoanzia barabara ya Hombo, ipitayo katika Mbuga ya Kahuzi-Biega. Wenyeji wake wengi ni Bashi, na maisha yao yametegemea shamba: migomba karibu na nyumba, kisha maharagwe, mihogo na mtama.

Katika desturi ya Bashi, ardhi ilipatikana kwa njia ya kalinzi: mtu alimtolea mkuu wa ardhi ng'ombe, naye akapewa shamba ambalo wanawe waliweza kulirithi. Binti aliolewa na kwenda kwa mumewe. Mtoto wa kiume alijenga karibu na baba yake na kungoja sehemu yake. Kwa hiyo mzee hakuwa mtu wa kusaidiwa tu. Alikuwa na kitu mkononi, nacho ni ardhi. Isitoshe, bibi aliwalinda wajukuu wakati mama yao alipokuwa akilima, na wajukuu walimchotea bibi maji na kumtafutia kuni. Matunzo yalikwenda pande zote mbili, tena yaligawanywa kati ya wake za ndugu waliokaa jirani.

Mpango huo ulidhoofika kwa sababu kadhaa zilizofuatana. Mashamba makubwa ya chai, kahawa na kwinini yaliyoanzishwa zamani za ukoloni yalichukua sehemu kubwa ya ardhi ya Kabare. Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, ilifunga njia ya msitu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola, na desturi ikabaki bila kinga imara. Kila kizazi kiligawana kipande kilichokuwa tayari kidogo. Mnyauko wa migomba, uliotambuliwa Kivu Kaskazini mwaka 2001, ulienea kusini na kuharibu zao lililokuwa likiwapa wazee fedha kidogo za pombe ya kasiksi. Juu ya hayo yote ziliongezeka vita za mwaka 1996 na 1998. Vijana wengi waliondoka, wengine wakaenda Bukavu, wengine kwenye machimbo ya dhahabu. Mzee asiye na ardhi ya kugawa, na ambaye wanawe wako mbali, huangukia mikononi mwa mtoto mmoja aliyebaki, na mara nyingi zaidi mikononi mwa mke wa mtoto huyo.

Ugumu huonekana wazi katika matumizi ya fedha. Tangu mwaka 2019 elimu ya msingi katika shule za umma hutolewa bure, na wazazi wakaondolewa ile primu ya walimu waliyokuwa wakiilipa tangu miaka ya 1990. Lakini mtoto akiingia sekondari, minervali hurudi. Mzee mwenye shinikizo la damu naye huhitaji dawa kila mwezi, wala si siku ya kuzidiwa tu. Minervali ina tarehe, na mtoto asiyelipiwa hurudishwa nyumbani mbele ya macho ya wote. Dawa haina wa kuidai, kwani mzee huweza kunyamaza. Hivyo mara nyingi ni dawa inayoahirishwa, na nyumba hugundua hasara yake siku mzee anapopooza.

Sheria haikunyamaza. Kanuni ya Jamaa ya mwaka 1987 huwalazimisha watoto kuwasaidia wazazi wao wenye uhitaji, na kifungu cha 40 cha Katiba ya mwaka 2006 husema kwamba watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi. Lakini wajibu huo huwekwa juu ya jamaa. Hazina ya CNSS, iliyorithi INSS ya mwaka 1961, ni ya wafanyakazi wa mshahara. Mkulima wa Miti hazeeki na pensheni.

Penye pengo hilo watu wamejitafutia njia. Mojawapo ni vyama vya akiba viitwavyo MUSO, vilivyoenea Kivu Kusini. Wanachama huweka fedha katika sanduku la kijani kwa ajili ya kukopeshana, na katika sanduku jekundu kwa ajili ya misiba na magonjwa. Fedha za sanduku jekundu hutolewa kama msaada, hazirudishwi, nazo huweza kuzuia mbuzi au minervali isiliwe na hospitali.

Njia nyingine ni ya ndugu wenyewe. Aliyeko mjini hutuma fedha kwa simu, njia iliyozidi kutegemewa baada ya benki za Bukavu kufungwa pale M23 ilipouteka mji huo mwezi wa Februari 2025. Aliyebaki kijijini hutoa mikono yake: huosha, hulisha, huamka usiku. Ugomvi hutokea kwa sababu fedha huhesabika na usiku wa kuamka hauhesabiki. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye mbali huuona mwepesi. Kwa hiyo baraza la jamaa hufaulu zaidi likitaja kila kazi kwa jina lake: nani atalipa dawa, nani atampeleka mzee kituo cha afya, na ni majuma gani mke wa nyumba atapumzishwa na wifi zake.

Kwa jumla, tatizo la Miti halitokani na kupotea kwa heshima, kama isemwavyo mara nyingi. Heshima ipo, kilichopungua ni ardhi na mikono iliyokuwa ikiitekeleza. Kumlaumu mama anayelea na kuuguza kwa pamoja ni kumwongezea mzigo wa tatu, ilhali kugawana naye kazi hizo ni kurudisha sehemu ya ule mpango wa kale uliowafaa mzee na mjukuu.