Kuacha Kazi kwa Heshima

Mwaka 1982 Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Nyeri, aliazimu kugombea kiti cha Bunge cha kwao. Wakati ule alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na kwa mujibu wa sheria ilimpasa kuacha kazi hiyo kwanza. Akaiacha. Lakini mahakama iliamua kwamba hakuwa na haki ya kugombea, kwa kuwa hakujiandikisha upya kuwa mpiga kura. Alipoomba kurudishwa kazini alikataliwa, na ikambidi kuihama nyumba ya chuo.

Habari hii ni somo kwa karani wa duka Karatina, kwa mtumishi wa hoteli Nanyuki, na kwa mfanyakazi wa kiwanda cha chai Kirinyaga. Barua ya kuacha kazi ikishapokelewa, aliyeiandika hana amri tena juu ya nafasi ile. Basi na aiandike akiwa na hakika ya huko aendako, wala si siku ya hasira.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yaonyesha njia. Mtu alipwaye kwa mwezi hutoa taarifa kwa maandishi siku 28 kabla ya kuondoka, isipokuwa mkataba wake wataka muda mrefu zaidi. Akitaka kuondoka mara moja, humlipa mwajiri mshahara wa siku hizo. Mwajiri naye hana budi kumpa cheti cha utumishi, chenye kuonyesha kazi aliyoifanya na tarehe za kuanza na kumaliza.

Barua yenyewe iwe fupi: siku ya kuondoka, na shukrani. Matukano hayana mahali humo. Siku zilizobaki ni za kukabidhi funguo, vitabu vya hesabu na kazi zisizokwisha, na kupata sahihi ya mwenye kuzipokea. Aondokaye bila kukabidhi huweza kudaiwa upungufu uliotokea nyuma yake.

Profesa Maathai hakukata tamaa. Aliendelea na Green Belt Movement, kazi ya kupanda miti aliyoianzisha mwaka 1977. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimpeleka Bungeni, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hata Chuo Kikuu kile kile baadaye kilikuwa na taasisi yenye jina lake. Kwa hiyo aagaye na aage vizuri, kwani mlango atokao leo huenda akaupitia tena kesho.