BENDEJI YA FARASI: KINGA AU KITANZI?

Ukifika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka wa 1954, au ukitazama mchezo wa polo kule Gilgil, utaona farasi wengine wamefungwa vitambaa miguuni. Wengi wetu hudhani hayo ni mapambo tu, kama soksi za timu ya kandanda. La hasha! Kitambaa hicho ni bendeji, na saisi anayekifunga ameshika afya ya mnyama mikononi mwake.

Hebu kwanza tuuangalie mguu wenyewe. Chini ya goti la farasi hakuna misuli. Kuna mfupa, ngozi, na kano zinazopita nyuma ya mfupa. Kano hizo ndizo zinazobeba mnyama wa kilo 500 hivi anapotimka. Kwa kuwa hazina nyama ya kuzifunika, pigo la ukwato wa mguu mwingine au la mpira wa polo laweza kuzijeruhi. Kano ikiumia, farasi hupumzishwa kwa miezi mingi, pengine mwaka mzima, na wengine hawarudi mashindanoni kamwe.

Wapo wanaosema eti bendeji ikikazwa sana mguu hupata nguvu. Si kweli. Uzito wa farasi anayekimbia hauwezi kuzuiliwa na kitambaa. Kazi ya bendeji ni kukinga mguu dhidi ya mapigo na mikwaruzo. Ikikazwa kupita kiasi, huzuia damu na kuziumiza kano zile zile ilizokusudiwa kuzilinda. Farasi naye hana mdomo wa kusema, "Legeza kidogo, bwana!"

Je, hufungwa vipi? Kwanza, safisha mguu na uukaushe, kwani chembe moja ya mchanga ikibaki ndani itachubua ngozi. Chuchumaa kando ya farasi. Usipige magoti wala usikae chini, maana akishtuka hutawahi kuondoka. Anzia pembeni mwa mfupa, chini kidogo ya goti. Pitisha bendeji mbele ya mfupa, izunguke upande wa nje, iende nyuma, kisha irudi mbele kupitia upande wa ndani. Kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliotangulia. Teremka hadi kwenye kifundo, kisha upande tena juu. Ivute inapopita juu ya mfupa, si inapopita juu ya kano. Kishikizo kiishie upande wa nje. Mwishowe, jaribu kupenyeza kidole kimoja ndani: kikikataa kuingia, fungua uanze upya. Ikiwa imelegea mno pia ni hatari, kwani itateremka na farasi ataikanyaga.

Bendeji ya kulala nayo bandani ni ndefu zaidi, na chini yake huwekwa tabaka nene la pamba ili mkazo usambae sawasawa. Hii nayo isiachwe siku nenda siku rudi. Ifunguliwe angalau kila siku, mguu ukaguliwe kama una uvimbe, joto au kidonda, ndipo ifungwe tena.

Tusisahau habari ya joto. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1994 ulionyesha kwamba ndani ya kano ya farasi anayekwenda mbio joto laweza kufika nyuzi 45 za Selsiasi. Bendeji hufungia joto hilo ndani. Basi kazi ikiisha tu, ifunguliwe, na mguu upozwe kwa maji baridi.

Na bendeji yenyewe? Ifuliwe kila inapochafuka, isuuzwe mpaka sabuni iishe, kwa sababu sabuni huwasha ngozi. Ianikwe ikauke kabisa. Kisha ikunjwe kuanzia upande wa kishikizo, kishikizo kikiwa ndani, ili siku ya kufunga kitokeze mwisho. Iliyopoteza mvuto wake itupwe, kwani haitakaza sawasawa.

Wenzangu, tukimwona saisi ameinama penye mguu wa farasi, tusiseme anapoteza wakati. Haraka haraka haina baraka, na dakika tano za kufunga vizuri huokoa mwaka mzima wa kuuguza.