Kipande Kisichoonekana Ndicho Kinacholinda Nyumba



Huko Marekani na Kanada nyumba nyingi za watu wa kawaida hujengwa kwa mbao. Ili mvua na theluji zisiziharibu, kuta hufunikwa kwa nje na vipande virefu vya plastiki ngumu iitwayo vinili, vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki. Vinili ilianza kutumika kwa kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, ikapendwa kwa kuwa bei yake ni nafuu na haihitaji kupakwa rangi. Tumeona vyema tuieleze kazi ya mafundi wake, kwani ina funzo kwetu sote tunaoishi kwa jasho la mikono.

Mpita njia huona vile vipande vipana tu. Lakini fundi anajua kwamba uhai wa ukuta umo katika vipande vyembamba vinavyozunguka madirisha, milango na kingo za paa. Hivyo huitwa chaneli. Ile ya kawaida imekunjwa mfano wa herufi J: upande mmoja hupigiliwa ukutani, na upande wa pili huacha mfuko ambamo ncha ya kipande kipana huingia na kufichika.

Kazi ya kwanza ya chaneli ni kuongoza maji. Vinili haizuii maji yote. Mvua ya upepo hupenya nyuma yake. Kwa hiyo ukuta huvikwa kwanza karatasi ya kuzuia maji, kisha chaneli huyapokea maji na kuyateremsha. Chaneli ya juu ya dirisha hukatwa iwe ndefu kuliko dirisha. Kila ncha huachiwa ulimi, na ulimi huo hukunjwa chini uingie katika chaneli ya ubavuni. Maji hutoka juu, hupita ubavuni, na yakifika chini hutolewa nje kwa kipande cha bati au karatasi kinacholalia vinili ya chini yake. Ni kanuni ile ile ya mabati ya nyumba zetu: la juu lilalie la chini. Ulimi usipokatwa, ukuta utang'aa kwa nje, kumbe ndani mbao zinaoza.

Kazi ya pili ni kuipa vinili nafasi. Plastiki hii hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Kipande cha urefu wa meta 3.8 huweza kubadilika kwa milimita 12 au zaidi kati ya majira ya baridi na ya joto. Ndiyo sababu fundi huacha milimita 6 hivi kati ya ncha ya kipande na ukuta wa ndani wa chaneli, na kiasi cha milimita 10 kama anafanya kazi wakati wa baridi kali. Msumari nao hupigwa katikati ya tundu refu, na kichwa chake kisibane: huachwa upenyo wa kama milimita 1. Akibana misumari au akisukuma ncha mpaka mwisho wa chaneli, jua likiwaka vipande vitakosa pa kwenda, na ukuta utajikunja mawimbi.

Sasa tutazame malipo. Mara nyingi mafundi hawa hulipwa kwa eneo, kila futi za mraba 100 kwa bei yake. Ukuta mtupu huenda upesi. Dirisha hula muda mwingi wa kupima, kukata na kukunja, na eneo linaloongezeka ni dogo mno. Basi ikiwa bei haikuhesabu madirisha, fundi mwaminifu ndiye anayepata hasara, na mwenye haraka ndiye anayefaidi. Baadaye mbao zikioza, lawama humwangukia fundi, wala hakuna anayeuliza bei ilipangwaje.

Wenzetu wachumaji chai wanaolipwa kwa kilo wanalijua jambo hili. Kuchagua majani mawili na chipukizi, kisha kubeba kikapu hadi mizani, ni kazi. Lakini mizani hupima majani tu. Kiwandani nako, anayelipwa kwa idadi ya vitu husafisha mashine na kungoja malighafi bila kuhesabiwa.

Kwa hiyo, ndugu, mnapokaa mezani kujadili malipo ya kazi ya vipande, orodhesheni kwanza kazi zote ambazo kipimo hakizioni: kupima, kunoa, kusafisha, kubeba, kungoja. Kila moja iwekewe bei yake, au ihesabiwe ndani ya bei kuu, na iandikwe katika mkataba. Kazi nzuri haitoki kwa kumhimiza mfanyakazi peke yake; hutoka pale muda wa kuifanya vizuri unapolipwa.